Nyuki wa Visanduku 64

Jumapili, 8 Juni 2025. Singida mjini

Kijana wa dada kaja likizo na laptopu ya kuazima na wazo lisilompa usingizi: anatengeneza gemu. Anatumia Godot, programu ya bure, na kajifundisha mwenyewe kwa video za YouTube alizopakua kwa bando la usiku. Mpaka sasa ana kisanduku chekundu kinachorukaruka juu ya visanduku vya kijivu. Chekundu ni Liti Kidanka. Vya kijivu ni mawe ya Singida. Nyuki bado hawapo.

"Mamdogo, si unatengeneza kadi za harusi pale steshenari? Basi nichoree."

Nikamwambia kadi hazichorwi, zinapangwa. Unachukua ua lililochorwa na mtu usiyemjua, unabadilisha jina la bwana harusi, unachapa. Hakunisikiliza. Anataka sanaa ya pikseli, picha zinazojengwa kidoti kwa kidoti, za aina ya gemu za zamani za kaseti. Anazo sababu mbili: laptopu yake haina nguvu ya kubeba kitu kizito, na picha za namna hiyo mtu mmoja anaweza kuzimaliza peke yake.

Sababu ya pili ndiyo iliyonishika. Kazi ninayoweza kuimaliza mwenyewe, baada ya kufunga duka, bila kumsubiri mtu.

Habari za Liti nazijua kadiri anavyozijua yeyote aliyekulia huku. Mwanamke wa Kinyaturu aliyewasumbua Wajerumani mwanzoni mwa miaka ya 1900, na inasimuliwa kwamba silaha yake ilikuwa nyuki. Uwanja wa mpira hapa mjini, tuliouzoea kwa jina la Namfua, sasa unaitwa Liti. Jina lake linatajwa redioni mechi inapochezwa hapo. Sura yake sijapata kuiona popote.

Mpango wa kijana: Liti anaruka mawe, anafikia mizinga, anawaamsha nyuki, nyuki wanawafukuza askari. Basi. Nimependa ufupi wake.

Jumanne, 10 Juni

Nimeweka LibreSprite kwenye kompyuta ya kazini. Ni ya bure, ni ndogo, na ikishaingia haidai intaneti. Kijana ameshapanga vipimo: nyuki ni upana wa pikseli 8 na urefu wa 8, mtu ni 16 kwa 16. Nimefungua karatasi ya nyuki nikaona nukta tu katikati ya skrini. Nikaikuza, nikaikuza tena, ndipo visanduku 64 vikajitokeza. Sawasawa na idadi ya kete za bao. Si kitu, lakini nimeifurahia bahati hiyo.

Kadi zimenizoeza mikunjo. Unavuta mstari, kompyuta inaulainisha. Huku hakuna wa kukulainishia. Mstari wa kupinda unajengwa kwa ngazi, na ngazi zina adabu yake. Vidato vikienda 3, 2, 1, 1, 2, 3 jicho linaona upinde. Vikienda 3, 1, 2, 1 jicho linaona meno. Idadi ya pikseli inaweza kuwa ileile. Kinachobadilika ni mpangilio. Nimekaa na mgongo wa nyuki mmoja mpaka mlinzi wa jirani akagonga dirisha kuuliza kama ni salama.

Programu ina brashi za kila aina na zana nyingine za kurahisisha kazi. Kijana kanikataza zote. Penseli ya pikseli moja, kifutio, ndoo ya kumwagia rangi. Anasema kila pikseli iwe imewekwa na mtu aliyejua kwa nini anaiweka. Maneno makubwa kwa mtoto wa kidato cha tatu, lakini kwa visanduku 64 ana haki. Pikseli moja hapa ni zaidi ya asilimia moja na nusu ya mdudu mzima.

Alhamisi, 12 Juni

Nilikuwa mezani na daftari la hesabu lenye visanduku, napaka vyeusi kwa kalamu, Mama akapita na chai. Akasimama nyuma yangu muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Hii si kufuma?"

Akaenda chumbani akarudi na mfuko wa vitambaa vya makochi, na ndani ya mfuko karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo imechanika. Ramani ya kitambaa: visanduku vilivyojazwa na vilivyoachwa, ua la waridi na majani mawili. Wanawake wa kikundi chao cha kanisani walikuwa wakiazimana karatasi hizo na kunakili kwa mkono. Mama haangalii ua. Anahesabu mstari kwa mstari: tatu jaza, mbili acha, nne jaza, na ua linatokea lenyewe mikononi.

Nikamwonyesha nyuki wangu. Akauangalia ubawa, akaweka kidole juu ya kisanduku kimoja cheusi kilichokuwa pembeni. "Hiki mbona kiko peke yake? Kitoe. Kinachokaa peke yake mtu anadhani ni kosa la mfumaji."

Nimekifuta. Ubawa umetulia mara moja. Kijana anasema hilo ni somo ambalo walimu wa YouTube wanalieleza kwa dakika nzima na mishale.

Nikakumbuka kusoma juu ya Susan Kare, mama aliyechora alama za kompyuta ya Macintosh iliyotoka 1984: saa, pipa la taka, kompyuta inayotabasamu. Alianzia kwenye karatasi ya visanduku, 32 kwa 32, na amekuwa akisema kwamba kazi za mozeki na za kudarizi ndizo zilizomsaidia, kwa kuwa hajawahi kusomea kompyuta. Mama nilipomweleza aliuliza jambo moja tu, kama alilipwa vizuri.

Jumamosi, 14 Juni

Wateja wengi, fomu na passport size kutwa nzima. Jioni tumezungumzia simu za zamani. Kijana hajui kwamba gemu yake ina babu ambaye sisi tulimshika mkononi. Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, ilikuwa na skrini ya vidoti 84 kwa 48, nyeusi na kijani chake. Vidoti 4,032 kwa jumla: saa, betri, majina ya watu, na nyoka. Yule nyoka wa Snake aliingia kwenye simu za Nokia mwaka 1997, kazi ya Mfini Taneli Armanto, na alikuwa msururu wa visanduku tu. Tulimwona nyoka. Hakuna aliyelalamika kwamba hana magamba.

Kijana naye ana yake. Shigeru Miyamoto alipomchora mtu wa Donkey Kong mwaka 1981, yule aliyekuja kuwa Mario, alimpa masharubu kwa sababu mdomo haukuonekana, na kofia kwa sababu nywele zilikuwa tabu. Baadaye, kwenye Famicom ya 1983, kila kipande cha mhusika kilikuwa 8 kwa 8, rangi tatu tu, ya nne ni uwazi. Sura inayojulikana dunia nzima imetokana na uhaba wa nafasi.

Nimemwambia basi na nyuki wetu awe na rangi tatu. Amekubali haraka mno. Nadhani alikuwa anangoja niliseme mwenyewe.

Jumatano, 18 Juni

Siku ya leo niiandike vizuri.

Mzee wa asali kutoka Itigi alikuja kuchukua lebo. Huwa anachapisha kwetu: jina la asali, ujazo, chini kidogo picha ya mzinga niliyoitoa mahali nisipopakumbuka. Nilikuwa nimeacha nyuki wazi kwenye skrini, amekuzwa mpaka kajaza kioo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti. Huyo nani?"

"Nyuki, baba."

Akavua miwani, akaivaa tena. "Huyo nyigu."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Akavuta kiti cha wateja, akakaa, akaanza kumsoma mdudu wangu kuanzia kichwani, kwa utulivu wa mtu aliyechomwa na pande zote mbili. Kiuno kwanza: nilikuwa nimekikata kwa pikseli mbili tupu ili sehemu za mwili zionekane. Nyigu ndiye aliyekatika kiuno. Nyuki kiuno anacho, lakini ukimtazama ubavuni kajaa, na kifua chake kina manyoya. Miguu pili: nilikuwa nimeininginiza chini. Nyigu huruka kaachia miguu, nyuki anaikunja. Kisha rangi.

"Njano hiyo umeitoa wapi?"

Nikasema nyuki ni wa njano na mistari myeusi.

"Wa kwenye maboksi ya biskuti. Wa kwetu ni kahawia. Hudhurungi na nyeusi, na ukimwona juani, hapa juu ya tumbo pana wekundu kidogo. Njano kali namna hii ukiiona porini usiisogelee."

Akaniomba nirekebishe mbele yake. Sikuwahi kufanya kazi na mtu kasimama begani akijua kuliko mimi, mbali na maharusi wanaodai herufi za dhahabu. Nikajaza kiuno. Nikabadilisha njano kuwa kahawia iliyoiva. Nikafuta miguu yote, ikabaki pikseli moja chini ya tumbo, upande wa nyuma. Ndipo akasema: "Hapo pa mguu wa nyuma weka chavua. Akitoka malishoni anabeba hapo." Nikaweka chungwa kwenye ile pikseli moja.

Akawa nyuki. Pikseli moja ya chungwa na hakuna tena atakayesema nyigu.

Nikamuuliza habari za Liti, kama nyuki wanaweza kweli kutumwa vitani. Hakuingia kwenye hadithi, aliniambia wanavyofanya kazi. Nyuki akichoma, mwiba unabaki mwilini mwa mtu na yeye anakufa. Lakini pale penye mwiba panatoka harufu, na harufu ile ndiyo inayowaita wenzake waje kuchoma palepale. Inakaribia harufu ya ndizi mbivu, ndiyo maana mfugaji mwenye akili hali ndizi siku ya kufungua mizinga. Moshi unaizima. Kwa hiyo nyuki hawahitaji kuamriwa nani adui. Wanahitaji wa kwanza achome.

Kijana alikuwa kwenye kona ameacha kupumua. Mzee alipotoka tu akaanza kuandika: nyuki akimgusa askari, nyuki anatoweka, askari anapata alama isiyoonekana, nyuki wengine wote wanageuka kuifuata alama. Askari akiingia kwenye moshi, alama inafutika. Gemu imepata kanuni zake leo, na imezipata kwa mtu aliyekuja kuchukua lebo.

Sikumtoza bei ya kukata lebo.

Jumapili, 22 Juni

Rangi. Tumetoka mchana kwenda upande wa Ziwa Singidani kukusanya rangi kwa macho na kwa simu. Upepo wa Juni ulikuwa unatia mchanga machoni. Heroe hawakuwepo, au walikuwa mbali kupita uwezo wa kamera yangu.

Nilikwenda nikiwa na picha kichwani: anga bluu, jua la njano, alizeti za njano, mawe ya kijivu. Ile picha ya kwenye kalenda. Sasa mashambani alizeti ziko tayari kuvunwa, vichwa vimeinama, vimekauka, ni hudhurungi kuanzia shina hadi mbegu. Mawe nayo si ya kijivu. Saa kumi alasiri upande unaopigwa na jua ni wa rangi ya mchanga wenye uwaridi, upande wa pili ni zambarau iliyofifia, na kwenye michirizi ya maji ya mvua ni nyeusi kabisa. Nimefungua picha ya simu kwenye LibreSprite, nikanyonya rangi moja moja kwa kitone. Kijivu halisi sikukipata mahali popote isipokuwa kwenye nguzo ya umeme.

Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho video huwa zinakipitia haraka. Kivuli hakipatikani kwa kuongeza weusi kwenye rangi ileile. Rangi inahama. Jiwe likienda kivulini linaelekea zambarau, likienda juani linaelekea chungwa. Ukitia weusi tu, jiwe linaonekana chafu. Na ukizungushia kivuli kingo zote za kitu kwa usawa, bila kuuliza jua liko wapi, kitu kinavimba, kinakuwa mto wa kochi. Jua letu tumeliweka kushoto juu. Halihami mpaka gemu iishe.

Rangi zote za gemu tumezifunga kwenye 12. Kijana alitaka 16. Nimemkumbusha safari ya shule ya Kolo, kule Kondoa, kwenye michoro ya mapangoni iliyoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Nyingi ni nyekundu tupu, rangi moja juu ya jiwe. Ukiona twiga unasema twiga, kwa sababu umbo la nje limekaa sawa. Na Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuuza picha zake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia rangi za mafuta za dukani juu ya vipande vya hadibodi, zilizopatikana ndizo zilizotumika. Chui wake hakuhitaji rangi ya kumi na tatu.

Tatizo limebaki moja, na ni kubwa. Liti ni mweusi, na mawe kivulini yana giza. Akisimama upande usio na jua anapotea. Mifano niliyoipata ya kuchora ngozi huanzia waridi kwenda chungwa na kuishia kahawia ya chai. Nimetengeneza safu yetu: kahawia iliyokolea yenye wekundu, chini yake ya kuelekea zambarau, juu yake shaba kwa sehemu inayopigwa na jua. Kisha nikageuza picha nzima kuwa nyeusi na nyeupe ili nione kama bado anatofautiana na jiwe. Hakutofautiana. Sikumfanya mweupe. Nimempa mstari wa shaba upande wa kushoto, begani na kichwani, pikseli moja unene. Na mawe ya nyuma yake nimeyapandisha kidogo. Jiwe ndilo lipishe.

Ijumaa, 27 Juni

Nikumbuke: picha za pikseli zisitumwe WhatsApp kama picha. Inazibana na kuzigeuza JPEG, kingo zinaota ukungu, rangi 12 zinakuwa mamia. Zitumwe kama dokumenti, faili la PNG. Na kukuza ni kwa namba kamili tu, mara 2, mara 4, mara 8. Mara 1.5 ni balaa, pikseli nyingine zinanenepa na nyingine zinakonda. Kwenye Godot ile sehemu ya kuchuja picha ichaguliwe Nearest, vinginevyo kila kitu kinatiwa maziwa.

Bando sh 2,000.

Jumatatu, 30 Juni

Kijana amechoka kunisubiri, kapakua vigae vya bure. Vigae ndivyo vinavyopangwa kujenga ardhi: majani, udongo, ukuta, mti. Vizuri sana, nakiri ufundi. Misonobari, uyoga mwekundu wenye madoa, kasri lenye minara, theluji. Amemweka Liti hapo katikati. Nilicheka, kisha sikucheka.

Wachoraji hawa wamechora kwao, na wametoa bure. Sina cha kuwadai. Lakini ukitaka mbuyu, jiwe lililokaa juu ya jiwe, mgunga, mzinga wa gogo uliolazwa kwenye matawi, nyumba ya tembe, unatafuta mpaka bando linaisha. Afrika niliyoipata kwenye vigae ni jangwa lenye piramidi, au nyika yenye simba na machweo. Mnyaturu hana pa kukanyaga.

Wapo walioanza kuliziba pengo. Eyram Tawia wa Ghana na Wesley Kirinya wa Kenya walianzisha Leti Arts mwaka 2009, wakawachukua mashujaa na hadithi za Afrika wakawatia kwenye gemu na vibonzo. Kirinya alikuwa ameshatoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007. Nairobi X ya mwaka 2015 nayo ni ya Wakenya. Kazi hizo zina wahusika. Mimi leo nalilia ardhi: vitu vidogo vya chini ambavyo mtu yeyote Singida, Dodoma au Tabora angeviokota akaanzia hapo.

Jiwe halikubali kuwa kigae kirahisi. Kigae ni mraba na lazima kingo zake zikubaliane na jirani. Mawe yetu ni ya mviringo na kila moja lina ubishi wake. Ukirudia kigae kimoja, jicho linagundua marudio kabla ya hatua ya tatu. Nimechora jiwe kubwa moja kwa vigae vingi, nikalikata, nikatengeneza tumbo la jiwe lisilo na alama yoyote linaloweza kurudiwa bila kujulikana, na nyufa chache za kutupia juu yake hapa na pale. Tumbo tupu ndilo lililokuwa gumu. Mkono unataka kupamba.

Jumamosi, 5 Julai

Liti. Nimemwahirisha nilivyoweza.

Kwenye 16 kwa 16, kichwa kinakula karibu theluthi. Macho ni pikseli mbili. Mdomo nimeuacha, kila niliouweka ulimfanya acheke au anune, na sina ruhusa ya kujua alikuwa anafanya lipi. Kijana alikuwa amemvika kitenge na kilemba. Mama alipoona akasema bibi yake yeye alivaa ngozi ujanani, vitenge vilikuja baadaye na vikaja na duka. Basi ngozi, rangi ya udongo, na ushanga wa pikseli tatu nyeupe shingoni. Nyeupe hiyo ndiyo inayomwonyesha mchezaji yuko wapi hata giza likiingia.

Kutembea kwake ni fremu nne. Miguu imepanuka, miguu imepishana, imepanuka kwa upande wa pili, imepishana. Katika fremu za kupishana mwili unapanda pikseli moja. Bila hiyo pikseli anateleza, hatembei. Nimemtazama Mama akienda kisimani kwa jirani na kurudi na ndoo: kichwa chake hakipandi hata kidogo. Kwa hiyo Liti akibeba mzinga kichwani, fremu ni zilezile ila kichwa hakisogei, magoti ndiyo yanayofanya kazi. Hilo hakuna video iliyonifundisha, na ndilo ninalojivunia kuliko yote.

Kisha askari. Kijana aliwataka wote wawe Wazungu wekundu wenye kofia za chuma. Nilimkatalia. Jeshi la Wajerumani huku lilikuwa na maofisa Wazungu wachache. Askari wenyewe wengi walikuwa Waafrika, wenye khaki na kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo. Kilimatinde, hapahapa mkoani, wilayani Manyoni, Wajerumani walikuwa na kituo chao cha kijeshi, na waliokipigia gwaride hawakutoka Berlin wote. Amenyamaza muda mrefu. Akauliza: "Kwa hiyo rangi ya ngozi ni ileile ya Liti?" Ileile. Safu ileile ya kahawia, zambarau na shaba. Kinachowatenga ni khaki.

Alitaka kujua kama hilo litaharibu gemu. Mimi naona linaitengeneza. Mchezaji atalazimika kutazama nguo na mwendo, si rangi ya mtu.

Jumatatu, 7 Julai. Saba Saba

Sikukuu, duka limefungwa. Tumefanya kundi la nyuki. Nilikuwa nimetayarisha fremu mbili za mabawa kwa kila nyuki, juu na chini. Kijana akaweka nyuki hamsini kwa mpigo na skrini ikawa supu. Tukaenda hatua kwa hatua kupunguza: walio karibu wabaki 8 kwa 8, wa kati wawe pikseli nne, wa mbali pikseli moja. Ile moja nyeusi inayotikisika huku na huko. Mbali, nyuki ni kidoti na sauti. Mzee wa Itigi angekubali.

Kijana kafunga begi. Shule zinafunguliwa.

Jumapili, 13 Julai

Nimemaliza vigae vya ardhi: jiwe, udongo, nyasi kavu, alizeti iliyoinama, mgunga. Mbuyu haujaisha, shina lake kila nikilipunguza linakuwa chupa. Nyumba ya tembe imekaa vizuri kwa kuwa ni ya pembe nne tangu asili. Nimeviweka vyote kwenye faili moja la PNG, na nimemwambia kijana tutavitoa bure, yeyote achukue, abadilishe, auze gemu yake. Sharti moja, asivitie theluji. Sharti hilo ni la utani, lakini nimeliandika.

Mzee alipita jana na ombi: nyuki yule mdogo awekwe kwenye lebo badala ya ule mzinga. Nimemkuza mara 16, kingo kali, rangi tatu. Nimemtoza sh 5,000 za mchoro, mbali na lebo, akalipa bila kuomba apunguziwe.

Kwenye ukurasa wa waliotengeneza gemu tumeandika programu kijana, michoro mimi, ushauri wa kufuma Mama, na nyuki amesahihishwa na mfugaji wa Itigi. Nilimsomea Mzee. Ameridhia, ila amesema tusiweke namba yake ya simu, maana asali yote ya msimu huu imeshapata mnunuzi.